Duara Langu, Miguu ya Nyokabi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpimaji Mkuu wa ofisi yetu ya Thika alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema, "Huyu ameshiba. Atabeba mashine." Mashine ilikuwa theodolaiti, darubini ya miguu mitatu ya kupimia pembe. Siku hiyohiyo aliajiriwa msichana mwenzangu, Nyokabi wa Ruiru, mwembamba kama fito, akapewa kamba ya kupimia umbali. Sikumpenda tangu hapo. Nyinyi vijana mtanisamehe, lakini sitaki kudanganya.

Hatukuwa na simu ya kukuonyesha ulipo. Tulikuwa na ramani, bikari na macho. Tulipima mashamba ya Ngoliba na viwanja vya viwanda, na hesabu ngumu nilizipiga mimi. Bado wakubwa walimwita Nyokabi kwa jina lake, mimi nikawa "yule mnene".

Kisha ikaja kazi ya kinamasi, kule chini mto ulikojitandaza ukaota mafunjo. Ofisi ya maji ilitaka kupima tope lisiloguswa na mkulima wala ng'ombe, kwa hiyo ilibidi tupate mahali palipo mbali na watu kuliko pote. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilitia alama kila njia, kila boma na kila kivuko kwenye ramani, kisha nikatafuta kwa bikari duara kubwa kabisa linaloweza kukaa humo bila kugusa alama hata moja. Kitovu chake ndicho tulichotaka. Nilichora na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilipokipata nilitokwa na machozi, maana mahali pale palikuwa pangu.

Asubuhi ya kuingia nilivaa gambuti, viatu virefu vya mpira, kabla ya wote. Mpimaji Mkuu akacheka. Mafunjo yale huelea, mizizi imesukana kama mkeka juu ya maji, na hayabebi mtu mzito.

"Wewe utazama na hesabu zako," akasema. "Nyokabi, vaa gambuti."

Nilibaki ukingoni na theodolaiti. Mafunjo yalimzidi Nyokabi kimo, kwa hiyo aliinua mwanzi wenye kitambaa chekundu, nami nikamwelekeza kwa filimbi huku akivuta kamba yake. Kitambaa kilikwenda kikipungua, kisha kikasimama. Mimi ndiye niliyempeleka, mlio kwa mlio, mpaka akasimama mahali pangu. Niliandika pembe daftarini huku nikimwonea wivu.

Aliporudi na debe la tope nilimuuliza ameona nini.

"Hakuna kitu," akasema, akaenda kunawa.

Nilimuuliza tena kwenye harusi yake, na tena siku tuliyostaafu. Jibu lilikuwa lilelile. Niliamini ananificha, anakula peke yake.

Sasa niko Kamenu, na kisukari kimenikausha. Nyokabi yuko kwake Ruiru, amenenepa akajaa kiti. Mwaka huu ofisi ilitaka tope la palepale ilinganishe na lile la zamani, ikatualika sisi wazee tukatazame. Mhandisi wao, binti mchangamfu, alitupima kwa macho sisi bibi wawili.

"Shosho, wewe ni mwepesi, si ukuje tu twende," akaniambia. "Huyu shosho mwingine abaki kwa gari."

Walinivalisha boya, wakanifunga kamba kiunoni. Mafunjo yalinesanesa lakini yakanibeba. Simu ya mhandisi ikalia, tumefika. Nikageuka huku na huku. Mafunjo kila upande, nzi, harufu ya tope, na kipande cha anga. Niligeuka tena, nikitafuta kile nilichonyimwa miaka yote hiyo. Nyokabi alikuwa amesema ukweli.

Niliporudi nilimkuta amesimama ukingoni, kiti alichopewa hakukikalia.

"Pakoje siku hizi?" akauliza.

"Hakuna kitu."

Akaniangalia sana. Uso ule naujua, nimeuvaa mimi tangu ujana. Hakuniamini.

Wazee wengi waliostaafu husema hawana kinyongo na mtu, na huenda ni kweli kwao. Kwangu mimi, Nyokabi hunipigia simu karibu kila Jumapili baada ya kanisa. Tunaulizana magoti na wajukuu, kisha anarudi palepale kwenye kinamasi, niliona nini. Namjibu ukweli uleule. Ila, Mungu anisamehe, nanyamaza kidogo kwanza.