Mninga wa Sebuleni

Mwanaima binti Kaimu wa Ruponda alikuwa hodari wa kusiriba nyumba. Akimaliza kulainisha ukuta, huchora juu yake ndege kanga na maboga kwa udongo mwekundu na masizi, na wapita njia husimama kutazama. Mwaka 1950 alisimama pia mke wa fundi mmoja Mzungu wa matrekta, aliyekuja Nachingwea na mradi wa karanga.

Nyumba ya yule memsabu ilijengwa mahali palipokuwa pori mpaka mwaka juzi. Sasa dirishani aliona udongo mtupu hadi macho yanachoka. Kwa kinywa cha mpishi wake, Severini, akaomba achorewe msitu kwenye ukuta wa sebule.

"Msitu upi?" Mwanaima akauliza.

"Wowote, dada."

Mwanaima hakuufahamu msitu uitwao wowote. Akachora ule uliokuwa palepale, alikookota kuni usichanani kabla watu wa kwao hawajahamia Ruponda: kichuguu, mninga mkubwa katikati, na njia ya kisimani. Kabati lilikuwa limeziba mahali pa kuchora njia hiyo, akaomba lisogezwe. Memsabu akalisogeza kwa furaha.

Habari zikafika Ruponda. Mzee Halfani akaja kutazama, akalalamika kwamba mzinga wake wa nyuki haukuonekana mtini. Mwanaima akauchora. Kesho yake akaja Mbaruku, akidai mninga ule ulikuwa wa marehemu baba yake, na Halfani hakupewa ruhusa ya kutundika kitu. Wazee wakachuchumaa mbele ya ukuta, wakabishana asubuhi nzima. Memsabu hakuelewa neno. Akawa anawaongezea chai.

Adhuhuri fundi akarudi na njaa. Alipoketi tu, akaambiwa amekaa njiani. Akasogeza kiti. Severini akamweleza kesi. Yule bwana akautazama mninga, kisha akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Anasema haukuwa hapo," Severini akatafsiri. "Ulikuwa kushoto zaidi. Anaukumbuka kwa sababu ulimkatia minyororo miwili ya trekta alipouvuta."

Aliyeung'oa ndiye aliyeujua kuliko wote. Mbaruku akakiri kwamba huko kushoto palikuwa nje ya mpaka wa baba yake, wazee wakampa fundi mkono, wakaaga.

Mwanaima aliona haya kukosea. Akaufuta mti, akauchora upya kushoto, na huko ndiko ulikokuwa mlango. Tangu siku hiyo wenye nyumba walipitia jikoni, maana kila mlango ulipofunguliwa udongo ulibanduka, na memsabu hakutaka mti udhurike.

Mradi ulipokufa, wakarudi kwao. Nyumba akapewa karani, Teofili, naye akamwita Mwanaima aipake yote chokaa. Ilikuwa kazi ya siku moja. Alidhani ataumia moyo, lakini kilichomuuma ni mabega tu. Chokaa iliyobaki akaibeba kichwani mpaka Ruponda, akapaka nyumba yake ikawa nyeupe pe kama za Wazungu. Kwa wiki nzima majirani walimbishia hodi kwa Kiingereza cha kubahatisha, naye akawajibu kwa Kimwera.