Herufi Nane za Mwanzo

Mwanangu, kaa hapa karibu nikusimulie kosa nililolifanya nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Woodley, na kazi nilifanya katikati ya jiji, katika ofisi ndogo iliyotunza kompyuta za zahanati kadhaa. Mimi nilipewa kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo mtumiaji haioni lakini kila kitu kinapitia humo.

Mtu akitaka faili, kiini hakipekui majina yote moja baada ya jingine. Hulichukua jina, hupiga hesabu juu ya herufi zake, na namba inayotoka huonyesha droo ya kufungua. Majina yakitawanyika vizuri, kila droo huwa na machache, na faili hupatikana mara moja. Mimi niliona hesabu iliyokuwapo inachelewa kwa kuwa inasoma jina lote. Nikaandika yangu, inayosoma herufi nane za mwanzo tu. Ilikwenda kasi ajabu. Wenzangu walinipeleka Kenyatta Market kula nyama choma, wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Msimamizi wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa Mombasa aliyezoea kusema kwa sauti ya chini. Aliniuliza kama nimeijaribu kwa majina halisi ya mafaili ya zahanati. Nilikuwa nimeijaribu kwa orodha ya maneno niliyoyachagua mwenyewe. Nikamjibu kwamba ndiyo, nimeijaribu. Akaniamini, akatia sahihi.

Siku tatu baadaye, asubuhi, kompyuta kuu, yaani seva, ya zahanati moja upande wa Mutuini, pembezoni mwa jiji, ilikwama. Majina ya mafaili yao yote, maelfu kwa maelfu, yalianza kwa herufi zile zile za jina la zahanati. Hesabu yangu ikayapa yote namba moja, yakajazana kwenye droo moja, na kila faili lililotakiwa likawa la kutafutwa ndani ya rundo zima.

Bi Zuhura hakunigombeza. Alichukua kompyuta yake, tukaenda. Tulipofika aliingia chumba cha seva, akaniambia nikae kwanza na wagonjwa kwenye benchi, niangalie, kisha nimfuate.

Kando yangu aliketi Mzee Wafula, fundi seremala. Mke wake alikuwa ndani na maumivu makali ya tumbo. Aliniambia kuna dawa iliyowahi kumziba pumzi, na wote wawili hawakulikumbuka jina lake. Jina hilo lilikuwa kwenye faili, na daktari hakuthubutu kumchoma sindano kabla ya kuliona. Kupitia mlangoni tulimsikia mama yule akigumia.

Nikamwambia, "Mzee, mimi ndiye niliyeiharibu hiyo mashine. Na niliulizwa kama nimeijaribu, nikadanganya."

Aliutazama mlango. Kisha akasema, "Nimekusikia, binti. Sasa inuka uende uitengeneze. Mke wangu bado anaumwa."

Nikainuka, nikamfuata Bi Zuhura chumba cha seva. Tuliirudisha hesabu ya zamani, na baada ya muda faili lilifunguka. Mama alipata dawa iliyomfaa, akapona. Hata hivyo yale maumivu ya asubuhi nzima nilimrefushia mimi, na sina namna ya kuyarudisha.

Tukiwa njiani kurudi nilimweleza Bi Zuhura kuhusu ule uongo. Akasema, "Kosa la hesabu ningelibeba pamoja nawe, mwanangu. Uongo ulinibebesha bila kuniambia."

Ulipita karibu mwaka mzima kabla hajatia tena sahihi kazi yangu bila kuisoma mstari kwa mstari. Sikumlaumu.

Mwanangu, sasa nawe unaanza kazi. Ukiulizwa kama umejaribu, na hujajaribu, sema hujajaribu. Aibu yake ni ya muda mfupi. Kazi yako ipime kwa vitu vya wale watakaoitumia, hata kama vitakupunguzia sifa. Kasi naipenda hadi leo, siwezi kukuficha. Lakini kabla ya kuharakisha kitu, jiulize umeacha kusoma nini, na ni nani atakayekuwa akingoja.

Mungu akujalie watu wa kukuuliza maswali magumu, na akupe ulimi wa kuwajibu kweli.