Kishingo na Mguu wa Mama

Baba alimvunja mama mguu wa kulia kwa mpini wa jembe, mchana kweupe, mbele ya jiko. Hakukosea shabaha, aliulenga mguu. Mama alikuwa ametoka kumzika mama yake ng'ambo ya mpaka, upande wa Rhodesia, kwenye kijiji cha ndugu zake. Alipewa ruhusa ya kuzika na kurudi. Yeye akakaa matanga mpaka mwisho, kama mtoto yeyote mwenye akili timamu angefanya. Baba alimngoja ameketi, hakupandisha sauti, akasema, "Mguu huu ndio unaokupeleka," akapiga. Nilisikia mfupa ukivunjika, na tangu siku hiyo siwezi kukaa karibu na mtu anayevunja kuni kwa goti.

Sitaki kumsingizia. Alikuwa mkulima hodari wa ulezi, na kanisani aliimba sauti ya nne mpaka madirisha yakatetemeka. Lakini alikwenda Lupa kuchimba dhahabu ya wazungu, akarudi bila dhahabu, na kuanzia hapo mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Sisi wa nyumbani tulijifunza kumtazama mabega. Mabega yakipanda, ondoka.

Ni yeye mwenyewe aliyekimbia kumwita muunga mifupa. Wapo waliosema ni huruma. Mimi nasema ni woga, kwa sababu wajomba zangu wangeweza kuja na kumshitaki kwenye baraza la mwene, yaani chifu, na mwene wetu hakuwapenda wanaume wanaolemaza wake. Muunga mifupa alikuwa mzee mkavu mwenye kunuka mafuta ya mbarika. Alimpa mama kipande cha ngozi akiume, akauvuta mguu, akaurudisha, akaufunga mabanzi ya mwanzi kwa kamba za gome. Mama aliitoboa ile ngozi kwa meno. Kisha mzee akanawa mikono, akasema, "Sasa nileteeni kuku."

Kila mganga na masharti yake, na yake yalikuwa haya. Kuku atoke nyumba ileile ya mgonjwa. Avunjwe mguu uleule, mahali palepale, afungwe dawa ileile na mabanzi ya mwanzi uleule. Siku kuku atakapokanyaga chini, ndiyo siku ya kumfungua mtu. "Kuku akisimama, mtu naye amesimama," alisema. Bibi, mama yake baba, akauliza kuku akifa je. Mzee akajibu kwamba akifa wamwite tena.

Bibi alimnyooshea kidole kuku wangu, kwa sababu ndiye pekee asiyekimbia watu. Alikuwa kishingo, shingo tupu nyekundu kama imechomwa maji ya moto, mbaya wa sura kupita kuku wote wa kwetu Unamwanga. Kicheche alikuwa ameua mama yake na ndugu zake wote, nikamlea mimi ndani ya nguo yangu, nikimtafunia ulezi kabla ya kumpa. Alikula kiganjani mwangu. Alinifuata kisimani na kurudi, na watoto wenzangu walinicheka kwamba nimezaa.

Nilidhani mzee ndiye atakayemvunja. Akakataa. "Aliyevunja wa kwanza avunje na wa pili," alimwambia baba. "Kazi yangu mimi ni kuunga."

Baba akamshika kishingo wangu miguu, akaupinda ule wa kulia kwa vidole gumba viwili. Kuku alipiga kelele ambayo kuku hapigi hata akichinjwa. Nilimrukia baba nikamng'ata mkono, nikakaza meno mpaka nikaonja chumvi, naye akanipiga kofi lililonibamiza ukutani. Jino langu moja lilibaki pale kwenye vumbi. Muunga mifupa aliendelea kufunga mabanzi kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha akaniita nikiwa natoka damu mdomoni, akaniwekea kuku mapajani. "Huyu ni wako," akasema. "Na mama yako ni wako. Wote wawili umewashika wewe."

Maneno kama hayo hayafai kuambiwa mtoto. Niliyaamini yote.

Nikamtengenezea kishingo tenga nikalitandika nyasi, nikaliweka chumbani, mama kwenye mkeka upande huu na kuku upande ule. Kuku aliyevunjika mguu hulala kifua, na kifua huota vidonda, kwa hiyo ilinibidi kumgeuza mara kwa mara. Nilichukua kipande cha kitambaa cha merikani, nikakitoboa matundu mawili ya miguu, nikamning'iniza kwenye boriti ili mguu usibebe kitu. Alikaa humo hewani, shingo tupu imechomoza, akitutazama kwa hasira. Nilikwenda kubomoa vichuguu nikamletea mchwa. Nilimpaka dawa ya mzee chini ya mabanzi, na siku usaha ulipotoka nilikamua kwa kidole, naye akanidonoa mpaka nyama ikaonekana. Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa nimemng'ata mtu.

Kuku ni viumbe wakatili, na anayewaona wapole hajawahi kufuga. Wakimwona mwenzao mgonjwa humgeukia. Mara ya kwanza nilipomtoa kishingo apate jua, jogoo la bibi lilimrukia likamdonoa shingoni, na matetea yakaja nyuma yake kumalizia. Damu ilirukia nguo yangu. Nikaokota kipande cha kuni, nikalipiga lile jogoo mara moja, likajinyonganyonga mara mbili tatu, likafa. Bibi alinichapa kwa ufito mpaka ukakatika, akaokota mwingine. Jioni ile tulikula jogoo, na mimi nilikula paja lake lote kwa roho safi.

Mama na kishingo hawakupendana. "Kuku wako ananitazama," aliniambia. Akiumwa sana alimtukana, "Simama, wewe mchawi mwenye shingo ya tai." Lakini kila asubuhi kabla ya kunywa uji aliuliza, "Amekanyaga?"

Baba naye aliuliza. Akitoka shambani husimama mlangoni, haingii, macho kwenye tenga. "Amekanyaga?" Nilidhani anauliza kwa majuto. Nilitaka sana iwe hivyo.

Mama, niliyemwita mayo kwa lugha yetu, ndiye aliyenitoa ujinga. Nilikuwa namwosha mgongo akasema, taratibu, kama mtu anayesema kesho atakwenda kuokota kuni, "Siku huyo kuku akikanyaga, mimi nakwenda kwetu. Sirudi."

"Mayo, na mimi?"

"Wewe ni wa ng'ombe," akasema. Maana yake niliijua. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, na mtoto anakaa ng'ombe walikotoka. Mama akienda na mimi, baba angewafuata wajomba barazani na kudai. Nilimmwagia maji yaliyobaki nikatoka nje. Nilikaa nyuma ya ghala na kuku wangu mikononi, nikimpapasa mabanzi, nikajua kwamba kila mchwa niliyemlisha alikuwa anamsukuma mama mlangoni. Nilimchukia mama. Nilimchukia kwa saa nzima, kisha nikakumbuka mpini, nikainuka nikaenda kutafuta mchwa wengine.

Na baba hakuwa mjinga. Siku moja nilikuwa nakwangua sufuria nyuma ya jiko, nikamsikia akimwambia bibi, "Akisimama tu, ataondoka."

"Basi asisimame," bibi akasema.

"Mzee amesema kuku akisimama na yeye amesimama."

"Ndiyo nakwambia."

Kuanzia hapo nikawa mwongo wa kutosha. Baba akiuliza amekanyaga, nasema bado, usaha umerudi, nadhani atakufa. Nilimfunika kishingo kwa kikapu baba akiwa karibu. Ukweli ni kwamba kuku alikuwa ameanza kugusa. Kwanza alishusha kucha moja, akaipandisha kama amegusa kaa la moto. Baadaye akaweka kidole, kisha wayo mzima. Siku alipovuka chumba kutoka ukutani hadi mkeka wa mama, akichechemea, mabanzi yakigongagonga sakafuni, mama alijifunika uso kwa kanga akalia bila sauti. Nami nililia, ila kwa jambo jingine.

"Usiseme," mama aliniambia. "Nipe kesho na kesho kutwa nipate nguvu, kisha mwite mzee anifungue."

Kesho yenyewe ndiyo iliyotuharibia. Baba hakwenda shambani. Alikaa uani akichonga mpini mpya wa jembe, na bibi akaniita nipepete ulezi. Nilifunika tenga, nikaweka jiwe juu ya kifuniko, nikatoka. Nilichosahau ni kwamba kishingo alikuwa amekua kwa sauti ile ya ungo. Tangu kifaranga, ungo ukilia yeye anajua ni chakula na ni mimi. Nilipepeta mara ya kwanza, ya pili. Nikasikia tenga likianguka ndani. Akatokea mlangoni, akashuka kizingiti kwa mguu uliofungwa, akaja moja kwa moja kwangu, akikanyaga vizuri kabisa, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Baba aliweka kisu chini. Nilitazama mabega yake.

Nilimrukia kuku lakini baba alifika kwanza. Alimwinua kwa miguu, akang'oa mabanzi, akaukunja ule mguu palepale ulipoungana. Mlio ulikuwa mdogo mara hii. Akauzungusha mara ya pili, kuhakikisha, kisha akamtupa chini. "Haya," akasema. "Sasa tutakaa wote."

Kishingo alijizungusha kwenye vumbi kwa mbawa zake. Sikumtazama yeye. Nilitazama mlango, na bibi alitazama mlango, na baba pia, kwa sababu sisi sote watatu tuliamini kwamba ndani mle mfupa umevunjika tena.

Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwimo. Naye alikuwa akingoja. Nilimwona akimtazama kuku, kisha akiutazama mguu wake mwenyewe, uso umemkauka, kama mtu anayengoja radi baada ya kuona umeme. Akangoja. Mguu haukufanya kitu. Aliukanyagia chini, polepole. Akaukanyagia tena kwa nguvu.

Akakaa kizingitini, akaniambia nimpe kile kisu. Nikampa. Alikata kamba za gome, moja baada ya nyingine, mabanzi yakaanguka, na mguu uliotoka ulikuwa mwembamba, wa rangi ya majivu, umepinda kidogo chini ya goti. Aliuacha ukapata hewa. Kisha akanyoosha mkono akachukua mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akainuka.

Baba alisema, "We mwanamke," na hakumaliza. Pigo la kwanza lilimpata begani, mkono wake ukalegea ukaning'inia. La pili lilimpata mbavu, akaangukia ungo, ulezi ukamwagika wote uani. La tatu na la nne sikuona yalipotua, nilisikia tu. Alijaribu kuinuka kwa mkono mzima na mama akaupiga na huo. Bibi hakupiga yowe. Alipiga magoti akasema, "Usimwue, mwanangu, nakuomba."

"Simwui," mama akasema, akihema. "Namvunja."

Kuku wengine walikuwa wamekwisha kuja. Walimzunguka baba wakila ulezi, wengine wakipanda mgongoni mwake kuufikia uliomwagikia shati. Yeye alilala akigugumia, damu ikimtoka puani ikichanganyika na nafaka. Nilifurahi. Miaka mingi imepita, nimesikia mahubiri mengi juu ya kusamehe, na bado nikikumbuka wale kuku nafurahi.

Mama aliuweka mchi chini taratibu, kama amemaliza kutwanga. Aliingia ndani akatoka na kitambaa chake cha kichwa na kanga moja. Alimwinamia kishingo, ambaye sasa alikuwa ametulia, jicho wazi, mguu umegeukia nyuma. "Mchinje," aliniambia. "Ameteseka vya kutosha kwa ajili yangu."

"Mayo, na mimi?"

Alijifunga ile kanga kiunoni. "Una miguu yako," akasema. Akapita kwenye mahindi, akashika njia ya mpakani, akiuburuta ule mguu.

Nilibaki na kisu. Kwetu msichana hachinji, na mimi sikuwahi. Nilimkalia mbawa kama nilivyoona wanaume wakifanya, nikashika ile shingo tupu niliyokuwa naipaka mafuta jua likiwa kali. Ilikuwa ya moto. Hakunidonoa. Nilikata vibaya, ikabidi nirudie, na damu yake ikanijaa mpaka kwenye viwiko. Nilimlaza pembeni ya tenga lake. Nyama yake sijui nani alikula.

Bibi aliniita kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baba naye aliinua kichwa akaniita, na aliniita mwanangu. Nikavuka ulezi, nikavuka kuku, nikaanza kukimbia.

Nilimkuta mama kwenye mteremko, kabla ya barabara kubwa, amesimama kwa mguu mmoja ameshika mti. Aliachia ule mti, akaweka mkono wake begani kwangu, akaniegemea kwa uzito wake wote. Nilikuwa mdogo, lakini nilimbeba hivyo mpaka ng'ambo.