Siku Nilipotoa Gia

Baba alipokufa, jamaa zake walikaa uani kwetu Nyamasaria wakagawana vitu vyake, kama ilivyo desturi. Koti likaenda, redio ikaenda, hata viatu vya kazi ambavyo havikumtosha yeyote. Baba mdogo alipofika kwenye baiskeli aliizunguka, akasukuma pedali kwa mguu, akasikia vile gia zinavyokwaruza, akacheka. Alisema mashine ya wazungu ina meno mengi kuliko mamba, nani ataiweza, mwachieni mtoto.

Hivyo ndivyo nilivyorithi. Ilikuwa mountain bike ya buluu, Baba aliachiwa na mkubwa wake wa kazi, Mzungu, aliporudi kwao. Mimi nina haya. Darasani nikiulizwa swali natazama dawati. Lakini juu ya baiskeli ile sikuhitaji kusema na mtu. Niliondoka majani yakiwa bado na umande, nikafika shuleni mjini mapema, na mwalimu wa zamu hakuwa na sababu ya kuniita.

Nikiwa kidato cha pili, kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni kikavunjika. Spea ikakosekana Kisumu nzima. Nikaanza kwenda kwa miguu, nikawa nachelewa, nikawa napiga magoti getini na wale watundu. Fundi wa kando ya barabara akanihurumia. "Omera, toa hizo takataka zote," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Acha gia moja tu, kama zile nyeusi za wauza samaki."

Akaniazima spana na nyundo. Kumbe haikuwa rahisi. Zile nyeusi, cheni ikilegea unavuta gurudumu nyuma kidogo, basi. Yangu, tundu linaloshika ekseli ya gurudumu linashuka wima, gurudumu halivutiki. Nikikata cheni fupi, haifiki. Nikiiacha ndefu, inaning'inia. Nilihamisha cheni kutoka duara moja la meno hadi jingine, grisi mpaka kwenye viwiko, mpaka lile la katikati likakubali. Cheni ikakaa imenyooka kama kamba ya nguo. Nilirudi nyumbani bila mkwaruzo hata mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilitamani mtu aniulize kitu.

Baba mdogo alikuja Jumapili. Siku hizo boda boda, baiskeli za kubeba abiria, ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuingia mjini, na kila mwanaume asiye na kazi alikuwa akitafuta baiskeli. Akaizungusha yetu uani mara mbili.

"Sasa hii ni baiskeli," akasema. "Nani ameitengeneza?"

Mama akanionyesha kwa kidevu.

"Umenifanyia kazi safi, baba. Nitaweka keria na mto."

"Shemeji, mtoto anaenda nayo shule," Mama akasema.

"Si ana mdomo? Kama anaitaka, aseme."

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa na maneno, tena mengi: kwamba nimeitengeneza nisipige magoti tena, kwamba walipogawana yeye mwenyewe aliikataa. Nikatazama vidole vyangu, grisi ilikuwa bado kwenye kucha. Baba mdogo akangoja kidogo, nafikiri kwa haki kabisa, kisha akaisukuma nje ya uzio.

Sasa natembea. Asubuhi nyingine Baba mdogo hunipita karibu na daraja, abiria amekaa kwenye mto mwekundu, na kwa sababu baiskeli haina kelele simsikii mpaka awe kando yangu. Siku moja alimwambia abiria wake, "Yule ndiye fundi wangu," akapiga kengele. Abiria akageuka kunitazama. Nilipofika shuleni, geti lilikuwa limefungwa.

Gia ziko kwenye katoni chini ya kitanda changu. Zingebaki pale nyuma, hata zimevunjika, Baba mdogo asingeitaka baiskeli. Mama aliniuliza juzi kama azitupe. Nikamwambia angoje. Sijui angoje nini.