Pipa la Kumi na Nne

Mimi huendesha gari la zimamoto, kwa hivyo naijua hasira ya watu wanaoona gari lina maji na halimwagi. Jumamosi hiyo, karibu na Kwa Vonza, lori lililobeba dawa ya kuua wadudu lilipinduka. Mapipa yakabingirika mtaroni, vifuniko vikang'oka. Watu wakataka tuoshe barabara. Mkubwa wangu, Mutanu, akakataa katakata. Alituagiza tuegeshe upepo unakotokea, tuvae barakoa, tuuzibe mtaro kwa mchanga. Maji, alisema, yangeisukuma sumu hadi mtoni, na huko ndiko wanakochimba visima. Bwana mmoja akacheka kwamba serikali inatulipa kucheza na mchanga. Mutanu ana ulimi mkali, lakini siku hiyo aliutunza.

Karatasi ya dereva ilisema mapipa kumi na manne. Tuliyaokota kumi na matatu. Huku kwetu pipa zima la plastiki ni mali, maana asiye na pa kukingia mvua huisikia tu ikipita. Niliogopa, sifichi. Kuna nyumba ingetia maji mle, na kuna mtu angeyanywa.

Polisi walitaka kupekua. Mutanu akawaomba wangoje, kwani wakiingia wao, pipa litafichwa na sumu yake. Jumapili alitangaza kanisani. Watu wakaitikia amina, na pipa halikuonekana.

Jumatatu tukaanza boma kwa boma. Bandu bandu huisha gogo. Mutanu hakuuliza habari za pipa hata mara moja; aliomba maji ya kunywa tu. Nilidhani jua limemchosha. Nyumba tisa zilitupa maji, hata ile iliyobakiwa na nusu mtungi, maana Mkamba hamnyimi mgeni maji. Ya kumi ilitunyima.

Ilikuwa ya Kathini, mjane anayelea wajukuu watatu. Alisimama mlangoni bila kututazama, akasema maji yameisha. Alikuwa akitokwa jasho na mikono inamtetemeka. Mutanu akamshika mkono.

"Mwaitu, mama yangu, watoto wamekunywa?"

Mama wa watu akatikisa kichwa.

"Bado. Yao iko kwa mtungi. Hiyo pipa niliosha na majivu mara tatu. Nikasema nikunywe mimi wiki moja, nikikaa mzima ndio niwape."

Sijawahi kumwona Mutanu akilia kazini, na nimemwona akitoa maiti motoni. Tulimwaga yale maji kwenye shimo mbali na mto, tukalitoboa pipa kwa shoka, tukampakia Kathini kiti cha mbele. Alilazwa siku nne, akapona, Mungu ni mwema.

Lakini siku hiyo njiani, nikiwa nimewasha king'ora, alituuliza jambo moja tu: mvua ya Novemba ikija, ataikingia nini? Mutanu alitazama nje dirishani, nami nikaongeza mwendo.