Kumtafuta Mama Mkubwa Amsterdam

Sisi watu wa Mombasa tunaoishi Minneapolis tunaujua uwanja wa ndege wa Amsterdam kuliko tunavyowajua baadhi ya jamaa zetu. Kila tukienda nyumbani tunapitia hapo. Tunajua vyoo viko wapi, na ni viti gani mtu anaweza kunyooshea mgongo. Mji wenyewe tulikuwa tukiuona kwa juu tu, maji yakimeta kati ya nyumba, kisha tunavuta blanketi na kulala.

Safari ile tulikuwa tukirudi kwetu Columbia Heights, pembeni mwa Minneapolis, kutoka likizo, mimi, mama yangu na binti zangu wawili. Mume wangu alikwishatangulia kazini. Kati ya ndege na ndege kulikuwa na muda wa saa tisa, na ni mama aliyeutaka. Amsterdam ndiko alikoolewa dada yake mkubwa, na walikuwa hawajaonana kwa miaka ishirini na tisa. Walizungumza kwa simu ya nyumbani tu, maana mama mkubwa hakutaka simu ya mkononi, akisema inasikiliza maneno ya watu. Mama alikuwa amevuka sitini na dada yake sabini. Ndani ya ndege aliniambia polepole, "Tukipishana mara hii, tutaonana kwa Mungu."

Kazi yangu, huko Saint Louis Park, ni kuwapangia wagonjwa miadi ya daktari, kwa hiyo saa kwangu si mchezo. Tangu Mombasa nilikuwa nikimwomba mama anwani. Aliniangalia kama niliyemtukania ukoo. Nani anaandika njia ya kwenda kwa dada yake? Alikuwa ameelekezwa kwa mdomo, na kwake maelekezo hayo yalitosha: shuka stesheni kuu, fuata maji, vuka madaraja matatu, pinda penye duka la jibini, nyumba nyembamba, mlango wa kijani.

Tulipotua niliipiga namba ya nyumbani kwa mama mkubwa kwa simu ya kulipia. Ikalia hadi ikakatika. Mama akasema dada yuko jikoni, hasikii. Basi tukapanda treni.

Jamani, mji mzima ni maji, madaraja na maduka ya jibini. Nyumba zote ni nyembamba, zimeegemeana kama watu waliochoka kwenye karamu ya harusi. Tulivuka madaraja matatu, tukapinda, tukakuta mlango mwekundu. Tukarudi stesheni, tukaanza upya kwa upande mwingine, tukakuta duka la viatu. Nilianza kuchemka. Mama alikuwa amestarehe. Alimsimamisha mzee aliyekuwa akitengeneza baiskeli, akamuuliza kwa Kiswahili nyumba ya dada yake iko wapi. Yule mzee akamjibu kwa Kiholanzi, kwa adabu kabisa, akanyoosha kidole. Tukaenda alikonyoosha. Kuuliza si ujinga, mama alinikumbusha.

Na nikiri, pale nilipoacha kutazama saa nilifurahi sana. Jua lilikuwa limetoka. Wasichana walihesabu mashua zenye maua juu yake, wakagombana, wakahesabu tena, kila kitu kwa Kiingereza, na bibi yao akiwajibu kwa Kiswahili bila kukosa hata neno la ugomvi wao. Mama aliona ndoana za chuma juu ya kila nyumba, akasimama kuzichunguza. Mwishowe akatoa hukumu: wanapandisha makabati kupitia dirishani, ngazi zao hazipitishi hata kitanda. Alicheka hadi akashika ukingo wa daraja. Miaka mingi nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo.

Ni yeye aliyeiona nyumba. Mlango ulikuwa umepakwa rangi mpya, ya samawati. Lakini dirishani palikuwa na pazia jeupe lililotariziwa maua ya asumini.

"Huo mkono wangu," mama akasema. "Nilimtarizia alipoolewa."

Tukabisha, kimya. Tukabisha tena. Akatokea jirani, mwanamke wa makamo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba bibi wa nyumba ile alitoka alfajiri na kikapu. Amekwenda uwanja wa ndege kumpokea mdogo wake.

Nilitaka kukaa chini pale pale. Mama aligusa kioo upande wa pazia, kisha akaanza kutembea kuelekea stesheni kwa mwendo ambao mimi na wasichana tulilazimika kuukimbilia.

Uwanja ule una milango kadhaa ya kutokea, na sisi tulikuwa tumetokea mwingine. Tulimkuta kwenye benchi, mwanamke mdogo wa umbo, kikapu cha ukili mapajani. Alikuwa amekaa pale tangu alfajiri. Hawakukimbiliana. Walisimama wakitazamana, kisha wakaanza kugombana. Mama mkubwa akasema mgeni hupokewa, haachwi atangetange njiani. Mama akasema mdogo ndiye huenda kwa mkubwa, si mkubwa kumfuata mdogo. Walikuwa wameshikana mikono huku wakisutana, na machozi yakiwatoka wote wawili. Nami nililia, sikujificha.

Ndani ya kikapu mlikuwa na mahamri, mbaazi za nazi na chupa ya chai. Tulikula pale pale kwenye benchi. Mbaazi zilikuwa zimepoa, na sijawahi kula tamu kama zile. Kisha nikatazama saa.

"Mama, tuta-miss ndege."

"Nendeni," alisema bila kuacha kutafuna. "Watoto wana shule, nawe una kazi. Mimi nilikuja kumtembelea dada yangu nyumbani kwake. Benchi si nyumba."

Nilibisha, nikataja tiketi, nikataja dawa zake. Dawa zilikuwa mkobani mwake. Nikaenda kaunta, nikaeleza kwamba mama anabaki, sanduku lake likatolewa. Hasira ilikuwa imeniisha kabla sijarudi.

Tuliagana kwenye foleni ya pasipoti. Mama mkubwa alimtazama mdogo wake kuanzia juu hadi chini, akamwambia nje kuna upepo, afunge koti. Mama yangu, ambaye kila baridi ya Minnesota nilimsihi na kumsihi, na akatoka kifua wazi vilevile, aliinamisha kichwa na kufunga vifungo vyote, kimoja kimoja, hadi shingoni.