Neno la Maisara

Kila Ijumaa Sumaiya alipiga simu kutoka Birmingham, na mama yake, Bi Mwanakhamis, aliketi ukumbini kwake Mkunazini amwone mjukuu wake kwenye simu. Maisara ana miaka saba. Kiswahili anakijua, ila kila akijibu hutanguliza neno moja la Kiingereza, "actually".

"Umekuwa mrefu, mjukuu wangu."

"Actually, Bibi, skuli mimi ndiye mfupi."

"Basi ukija nitakupikia samaki urefuke."

"Actually, sipendi samaki."

Bi Mwanakhamis hakulijua neno lile, akadhani mtoto anambishia. Likamkaa rohoni. Ijumaa iliyofuata akasingizia kichwa kinamuuma, asizungumze naye. Simu ilipokatika akaona uchungu zaidi. Kesho yake akavaa buibui akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Silima, aliyesomesha Kiingereza mpaka akastaafu.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Si ubishi, Bi Mwanakhamis. Asili yake ni Kilatini, limetokana na kutenda. Zamani mtu akilisema, alikusudia jambo lililofanyika kwa vitendo. Baadaye likawa 'kwa kweli'. Siku hizi Mwingereza akitaka kukusahihisha, mara nyingi hulitanguliza ili maneno yasikuchome."

"Kumbe ananistahi?"

"Anakustahi. Na mara nyengine halina maana yoyote, mazoea tu ya ulimi, kama sisi na 'yaani' yetu."

Bi Mwanakhamis alirudi akicheka peke yake njia nzima. Wiki ile akalitia neno kila mahali. Sokoni Darajani alimwambia Simai muuza samaki, "Actually, changu huyu si wa leo," na Simai akamtolea mwengine.

Julai Sumaiya na mwanawe wakaja. Maisara alijificha nyuma ya mama yake, hata mkono hakutoa. Bi Mwanakhamis hakumlazimisha. Alikaa mkekani akichambua mchele, na mtoto akasogea kidogo kidogo, mwisho akatia vidole ndani ya ungo na yeye. Walipokwisha kula, Sumaiya akamwita, "Twende chumbani kwetu, ukalale."

Maisara alishika pindo la kanga ya bibi yake.

"Actually, mama, mimi nalala kwa Bibi."

Sumaiya alitaka kumkataza, lakini Bi Mwanakhamis alikwishainuka, anatafuta mto wa pili.